Dozi ya Lori la Gharibu

Fuad alilisikia lori kabla hajaliona. Lilikuwa likipanda kutoka bandari ya Kismayu kwa mwendo wa punda mgonjwa, na lilipofika mbele ya ghala la Gharibu likakohoa, likasimama. Taa ya manjano iliwaka kwenye dashibodi. Dereva alishuka, akalipiga teke. Fuad, aliyekuwa barazani akimalizia kahawa ya mtu mwingine, aliweka kofia yake sawa.

Ulikuwa mwaka 2012 na vita vilikuwa vikiukaribia mji. Kila mwenye jamaa Kiunga alitaka kuvukia Kenya, lakini mashua zilikuwa zimelala ufukweni kwa kukosa dizeli. Si kwamba dizeli haikuwapo. Ilikuwa ndani ya ghala la Gharibu, ikingojea bei ipande zaidi. Zakiya wa kisiwa cha Koyama, mwenye mashua ya mashine, alikwisha kumbembeleza Gharibu mpaka akachoka. Sasa alikuwa amepatana na Fuad: Fuad aitoe dizeli kwa njia zake, yeye aipeleke Ras Kamboni, waiuze, wagawane.

Fuad aliwahi kufagia gereji Mombasa, na huko aliambulia jambo moja la kweli. Malori mapya ya Ulaya yana chujio la kunasa masizi ndani ya ekzosi, na kompyuta hunyunyizia humo dizeli kidogo ili masizi yaungue. Kwa mtu wa kazi yake, jambo moja la kweli lilikuwa mtaji mkubwa.

"Bwana Gharibu," alisema kwa lafudhi yake ya visiwani, baada ya kulizunguka lori kwa huzuni ya daktari, "injini ni nzima. Ekzosi ndiyo yenye njaa."

"Tangu lini ekzosi ikala?"

"Tangu Wazungu walipoanza kuogopa moshi. Inakula dizeli, kwa dozi. Ukiipa kidogo mno, masizi hayaungui. Ukiipa nyingi mno, inaungua yenyewe, na lori, na mchu aliyemo."

Gharibu alitaka kuihamishia sukari yake Afmadow, huko bara, kabla risasi hazijafika. "Dozi yake kiasi gani?"

Fuad hakulitazama lori. Alitazama ndani ya ghala. "Mapipa matatu. Kikombe kimoja cha kulisha, iliyobaki ya kusuuza."

"Ya kusuuzia nitaiuza?"

"Ikishapita kwenye masizi inakuwa sumu. Unaweza kumuuzia mchu unayemchukia."

Gharibu alifikiri, na uso wake ukaonyesha kwamba watu wa namna hiyo hawakuwa wachache. Fuad akaongeza upesi, "Lakini atarudi na bunduki." Basi wakakubaliana kwamba sumu ikamwagwe mbali baharini, na kwa bahati nzuri palikuwa na mwanamke mmoja mwenye mashua anayefanya kazi hizo chafu.

Fuad alijifungia na lori nyuma ya turubai, akayapaka mapipa masizi kwa nje, na Zakiya akayachukua kwa gari la punda huku amejifunga mtandio puani. Ilibaki kuonyesha jasho. Fuad alikifungua kile kinyunyizio cha dizeli, akakikuta kimezibwa na masizi yaliyoganda, akakisugua kwa mswaki, akakirudisha. Kisha akawasha injini na kuiacha ingurume, kwa sababu kelele humpa mteja imani.

Ekzosi ilipata moto. Moshi mweupe ulitoka, ukapungua, ukaisha. Taa ya manjano ikazimika.

Hapakuwa na mtu aliyeshangaa kama Fuad.

"Mashaallah!" Gharibu alimkumbatia. "Nina malori mengine mawili ya namna hii. Tunaondoka wote kwenda Afmadow leo. Fundi kama wewe simwachi."

"Lazima kwanza niisimamie ile sumu."

"Nenda na Bakri."

Bakri alikuwa mlinzi wa Gharibu, mtu mpole mwenye bunduki. Walipofika ufukweni, mashua ilikuwa imejaa watu: wazee, watoto, magodoro, mama mmoja na cherehani yake mapajani. Mashine ilikwisha kuwashwa na Zakiya alikuwa ameshika usukani. Fuad hakuweza kupiga kelele, maana Bakri alikuwa bega kwa bega naye.

"Dada Zakiya," aliita, "sumu hiyo si ilikuwa ya kupelekwa Ras Kamboni?"

"Nitaimwaga njiani, fundi. Kidogo kidogo, mpaka Kiunga."

"Na hao watu?"

"Wanasaidia kumwaga."

"Na mimi je?"

Zakiya alimtazama Bakri, akaitazama bunduki, akamtazama Fuad kwa macho yaliyokaribia huruma. "Wewe una kazi, kaka. Hawa hawana."

Mashua ikageuka. Watoto walimpungia mkono, na Bakri, aliyeguswa, akawapungia kwa niaba yake.

"Mwanamke mwaminifu sana," alisema Bakri. "Angeweza kuiuza."

Fuad alirudi akiburuta miguu hadi ghalani, ambako Gharibu alikuwa amemtandikia mkeka mpya kando ya kiti cha dereva. Lori la pili lilikuwa linakohoa, taa yake inawaka.

"Hili nalo, fundi, dozi yake ngapi?"

Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi, Fuad alitoa jibu la kweli. "Wallahi, Bwana Gharibu, sijui."

Gharibu alicheka, akawageukia madereva. "Mmemsikia? Bingwa hajisifu." Akampa spana.