Laptopu Moja, Wenyewe Wawili

Zerihun hakuwa mwizi. Mwizi huruka kuta, hukimbizwa, hulala na wasiwasi, na kazi ngumu kama hizo yeye hakuziweza. Alichokuwa nacho ni kibanda cha mabati pale Merkato, soko kuu la Addis, kwenye uchochoro wa vyombo vya umeme, pamoja na mdomo. Kibanda alikirithi kwa marehemu baba yake, fundi redio. Mdomo alipewa na Mungu, na alionyesha shukrani kwa kuutumia kutwa nzima.

Siku moja alikuwa anamwekea mteja mfumo huria wa kuendeshea kompyuta kwenye laptopu, kando ya ule mfumo iliokuja nao kutoka kiwandani. Kazi yenyewe si ya ajabu. Unamega kipande cha diski, unachomeka flashi, unaumimina mfumo wa pili kwenye kile kipande, basi. Kuanzia hapo mashine ikiwashwa inakuuliza: wa juu au wa chini? Ukichagua wa juu, ni kompyuta moja. Ukichagua wa chini, ni nyingine kabisa, ina sura yake, neno lake la siri na mafaili yake. Huo mfumo huria hutengenezwa na watu wa kujitolea waliotapakaa dunia nzima, nao huutoa bure. Zerihun aliwaheshimu sana watu hao, ingawa hakuelewa wana ugonjwa gani.

Akaiwasha, akaona yale machaguo mawili yamepangana kwenye kioo, akabaki ameduwaa na skrubu mdomoni.

"Mbona hizi ni mbili?" akajisemea.

Ikiwa ni mbili, kwa nini ziuzwe kama moja? Wataalamu wa nchi zilizoendelea wameutumia mfumo ule kwa miaka mingi bila kuliona hilo, maskini.

Na Zerihun alikuwa na haja. Mle kibandani alikuwa amerundika mali yake yote duniani: laptopu za mtumba, printa, betri na makasha ya vipuri, akiba aliyoikusanya kwa kujinyima na kwa kuwanyima wengine. Jumamosi mzigo wote ungepanda lori kwenda mji wa Hawassa, kwenye duka halisi kando ya ziwa, lenye mlango wa kioo. Mlango huo aliuota mpaka mchana. Kilichopungua ni kodi ya kuanzia, na laptopu moja ikiuzwa mara mbili ingeitosheleza.

Mteja wa kwanza alikuwa Belachew, dalali wa nyumba, mtu mzima mwenye koti la ngozi na dhamiri laini kuliko koti.

"Gashe Belachew," Zerihun akaanza, kwa heshima anayopewa mkubwa, "hii nakupa kwa nusu bei kwa sababu ni wewe."

"Kwa sababu ni mimi, au kwa sababu imeoza?"

"Ina tatizo dogo. Imetoka ng'ambo, haijazoea hewa ya huku kwetu juu. Addis iko mlimani, gashe, hewa nyepesi. Feni inahema. Itumie asubuhi, saa sita uniletee ipoe kwangu. Jumamosi itakuwa imeshazoea, utaondoka nayo moja kwa moja."

"Kama mkimbiaji wa kigeni anayekuja kufanya mazoezi."

"Ndiyo hivyohivyo! Halafu ikiwaka itakuuliza juu au chini. Wewe bonyeza juu. Chini ni chumba cha mitambo, ukiingia unaiunguza."

Belachew alilipa haraka, akaondoka anacheka moyoni kwamba kamwibia kijana wa watu.

Mteja wa pili alikuwa Etiye Asnakech, Etiye kwa heshima ya mwanamke mkubwa, mama mwenye duka la viungo na pilipili ya berbere uchochoro wa nyuma. Naye aliambiwa habari ya mlima na hewa nyepesi, isipokuwa yeye aitumie mchana, irudi kupoa magharibi, na kwake cha kubonyeza ni chini.

"Na nikibonyeza juu?"

"Etiye wangu, usijaribu. Juu ndiko kwenye mitambo."

Akamtazama Zerihun usoni, akatazama bei, akaamini bei.

Siku ya kwanza mambo yalikwenda kama yamepakwa siagi. Siku ya pili mvua ilinyesha tangu alfajiri, mawingu yameziba jua kama kifuniko cha sufuria, na Belachew akaketi kwenye mgahawa na laptopu yake akisubiri miadi ya saa saba. Tajiri mmoja alitaka kuona nyumba kule Gerji, nyumba ambayo ujira wake ungemlisha dalali mwaka mzima.

Hapa sina budi kueleza jambo la kifundi. Mifumo miwili ndani ya sanduku moja hutumia saa moja, na kila mmoja huisoma kwa akili yake. Ule huria huirudisha nyuma masaa matatu, kisha wenyewe huyajumlisha kimyakimya unapokuonyesha. Ule wa zamani hausikii hesabu hizo, huonyesha ulichokuta. Kurekebisha ni kazi ya dakika mbili. Zerihun alijua, lakini hiyo ingekuwa kazi ya halali, na mikono yake haikuizoea.

Basi kwenye upande wa Belachew, ule wa zamani, asubuhi ile, penye saa tisa za Kizungu pakaandikwa sita. Mzungu angecheka, akasema mashine imechanganyikiwa. Sisi lakini tunahesabu saa kuanzia kunapokucha, kama watu wenye akili, na siku zote tunazigeuza kichwani saa za kompyuta. Belachew akaona sita, akaona leo hapana haja ya kugeuza.

"Kijana kaniwekea saa ya kwetu!" akasema kwa furaha. Kisha akashtuka. "Saa sita! Mungu wangu, nimechelewa!"

Simu yake ilimwambia ni saa tatu. Lakini simu aliinunua kwa bei ya kutupa, na vitu viwili vikigombana, mtu huamini kilichomgharimu zaidi. Akakimbia kuirudisha laptopu.

"Umewahi leo, gashe," Zerihun akasema, wala hakuuliza zaidi. Akampelekea Etiye Asnakech mapema, aonekane mwema.

Belachew akasimama Gerji mvuani. Akasubiri mpaka koti likalewa maji, kisha akampigia tajiri na kumwambia kwamba yeye ni mwongo, mwana wa waongo, na kwamba nyumba ile hata mbwa wake hafai kupewa. Tajiri alimsikiliza mpaka mwisho. Akamjibu kwa upole kwamba saa saba bado iko mbali, na kwamba hatakuja tena, si leo wala milele.

Mchana ule akaingia kibandani kwa Zerihun anachuruzika.

"Mashine yako inasema uongo!"

"Taratibu, gashe. Imesemaje?"

"Imenilia riziki ya mwaka mzima! Iko wapi?"

"Inapoa."

"Nataka kuiona ikipoa."

"Ikiangaliwa haipoi vizuri, gashe. Inaona haya."

Hapo hapo akaingia Etiye Asnakech, mwavuli mkono mmoja, laptopu mkono wa pili, vidole vyekundu kwa pilipili.

"Zerihun mwanangu, hii mashine yangu vibonyezo vimeanza kukwama. Nadhani berbere imeingia."

Belachew akaitazama. Kwenye kifuniko kulikuwa na picha ya Mtakatifu Gabrieli aliyoibandika mwenyewe. Pembeni yake alikuwapo Mtakatifu Giorgisi, ambaye asubuhi alidhani kabandikwa na Zerihun kwa baraka.

"Mashine ya nani?" akauliza.

"Yangu. Nimelipa."

"Kumbe ndiyo maana asubuhi nimepiga chafya mpaka machozi!"

Akashika upande mmoja, mama akashika wa pili, kila mtu akavuta kwake. Zerihun alihisi ule mlango wa kioo wa Hawassa unapata ufa. Aliogopa kweli.

Aliyeachia kwanza ni Etiye Asnakech.

"Hatugombani wima kama majogoo," akasema. "Kahawa yangu iko motoni. Twendeni kwangu."

Wakaingia duka la viungo, ambako majirani wawili walikuwa wameshaketi, Etiye Yeshi muuza mikeka na Gashe Lemma mshona viatu. Ubani ukafuka. Kwetu kahawa ni vikombe vitatu, na anayeinuka kabla ya cha tatu, kile cha baraka, ni heri angemtukana mwenye nyumba usoni. Zerihun akakaa. Kikombe cha kwanza kilipofika mkononi mwake, mdomo wake ulikuwa umeshapona.

"Wazazi wangu," akasema, "mimi nimemdhulumu nani? Gashe, ukiwasha, unapata kompyuta yako au hupati?"

"Napata."

"Etiye, na wewe?"

"Napata."

"Kuna siku mmoja wenu amekuta kitu cha mwenzake humo ndani?"

"Pilipili," Belachew akasema.

"Hiyo iko nje, kwenye vibonyezo. Nauliza ndani! Humo ndani mna kompyuta mbili, nami nimeuza mbili, kila mtu na yake. Sanduku sikumuuzia mtu. Sanduku ni langu! Ningekuwa mtu mbaya ningewatoza kodi ya sanduku, lakini sikulelewa hivyo."

Gashe Lemma alitikisa kichwa, akionekana kama mtu aliyemeza kitufe. Kisha Belachew akacheka taratibu, kicheko cha fundi aliyeonyeshwa mbinu mpya ya kazi yake mwenyewe.

"Nieleweshe vizuri, kijana. Mwenye sanduku hana haki na vilivyomo?"

"Hata chembe, gashe."

"Na mwenye vilivyomo hana haki na sanduku?"

"Hata msumari."

"Sema kwa nguvu, Etiye Yeshi sikio lake moja ni zito."

Zerihun, aliyekuwa amekwisha kuvimba kichwa, akasimama kabisa na kikombe chake mkononi. Akatangaza kwamba sanduku ni sanduku na vilivyomo ni vilivyomo, na anayebisha aende akashtakiane na sayansi. Majirani wakasema wamesikia.

"Basi nimeelewa, yameisha," Belachew akasema. "Una akili, wewe. Lakini umeacha kibanda wazi na mvua inaingia. Nipe ufunguo nikakufungie. Wewe kunywa kahawa, usiikate."

"Acha, gashe, usijisumbue, nitakwenda mwenyewe."

"Uinuke na kikombe cha kwanza?" Etiye Asnakech akauliza, huku kashikilia jebena, birika lake la udongo, hewani. "Nyumbani kwangu?"

Zerihun akatoa ufunguo mfukoni, akauweka kwenye kiganja cha dalali. Akamshukuru pia.

Kikombe cha pili kilichukua muda wake. Etiye Asnakech alisuuza vikombe kimoja kimoja kama anavibatiza. Akaongeza maji kwenye jebena, akaongeza mkaa, akaongeza ubani, akapitisha ngano ya kukaanga, akamuuliza Zerihun habari za mama yake, za shangazi zake, na kama anakusudia kuoa. Zerihun akajibu kila swali kwa utamu. Alikuwa anafikiria rangi ya maandishi ya kwenye mlango wa kioo, na alikuwa ameshaamua yawe ya dhahabu.

Huko nje mikokoteni ilipita ikigongagonga mawe. Merkato mikokoteni haiachi kupita, na hakuna anayeinua kichwa kuiangalia.

Kikombe cha tatu kilipomiminwa, Belachew akarudi, amelowa lakini ana uso mkunjufu. Akapokea cha kwake, akanywa, akaubariki mji na wenyeji wake, akauweka ufunguo kwenye sinia.

"Nimefunga vizuri," akasema.

Zerihun akaaga kwa heshima zote, akatoka akipiga mluzi. Alifungua kufuli, akasukuma mlango wa bati, akaingia.

Laptopu hazikuwapo. Printa, betri, makasha ya vipuri, hata kigoda na waya wa taa, hakuna. Kilibaki kibanda, safi, kimefagiliwa. Alisimama katikati akageuka upande huu na upande ule, na sauti ya mvua juu ya bati ikamjia kubwa kuliko alivyowahi kuisikia. Akaketi chini kwenye udongo, akalia, tena si kilio cha kuombea huruma.

Kisha akakimbia kurudi.

"Mali yangu! Mali yangu yote!"

"Kibanda kipo?" Belachew akauliza bila kuinuka.

"Kipo, lakini..."

"Kuna bati lililong'olewa? Kuna msumari uliopungua?"

"Gashe, vilivyokuwamo!"

"Ah, vilivyomo," akasema Etiye Asnakech, akipangusa sinia. "Hivyo tumevipatia wenyewe. Wewe una sanduku."

"Nakwenda polisi!"

"Nenda, mwanangu. Uwaeleze tangu mwanzo, na hii mashine uwapelekee. Etiye Yeshi atakusindikiza akawaambie alichosikia."

"Nilisikia vizuri mno," Etiye Yeshi akasema. "Hata hili sikio bovu lilisikia."

Zerihun akamtazama Gashe Lemma, ambaye alikuwa amezama kabisa ndani ya kikombe kitupu. Akafungua mdomo wake, ule aliopewa na Mungu, na kwa mara ya kwanza tangu anyonyeshwe, haukutoa kitu. Akageuka kwenda mvuani.

"Zerihun," Belachew akamwita, kwa sauti laini ya kazini. "Hicho kibanda kitupu usikiache kikae bure. Mimi ni dalali, nina wapangaji wawili. Mmoja anakitaka asubuhi, mwingine mchana."