Mafaili Yasiyo na Mwenyewe

Kwa Mjomba,
Mkuu wa Stoo ya Hospitali, na Fundi wa Ukoo kwa kujiteua.

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na umeketi, maana si fupi. Nimeamua kuandika kwa sababu tukionana ana kwa ana huwa naitikia "ndiyo, Mjomba" kabla hujamaliza kuuliza, na tabia hiyo ndiyo iliyotufikisha hapa.

Nakuandikia kuhusu kompyuta mpakato ya Mama, ambayo tangu Jumapili ulipoitengeneza haiwaki. Kabla ya hapo ilikuwa na ugonjwa mmoja tu, ilichelewa kufunguka. Ugonjwa huo umepona kabisa. Sasa haifunguki.

Ndani yake imo tamthilia niliyoiandika muhula mzima, ambayo kikundi cha maigizo cha shule kitaicheza Ijumaa mbele ya wazazi. Wenzangu wana karatasi za onyesho la kwanza tu. Yaliyobaki yote yamo humo. Mjomba, mimi ni mtu ambaye kiranja wa darasa aliwahi kumwandika mtoro akiwa ameketi mbele yake. Muhula huu, kwa mara ya kwanza, watu wananiita "Mwandishi" na kunisogezea kiti. Naomba uyasome malalamiko yafuatayo ukilikumbuka hilo.

1. Kikao. Ulisema mashine imejaa takataka na inahitaji usafi. Sina ugomvi na usafi. Ugomvi wangu ni na kikao. Uliita familia nzima sebuleni, ukamkalisha Bibi kwenye kochi kubwa, ukafungua sehemu ambayo mashine yenyewe ilikusihi usiifungue, kisha ukasoma jina la kila faili kwa sauti: "Hili la nani?" Mama akatikisa kichwa. Bibi akasema, "Jamani, mimi sijaweka kitu humo." Nawe ukatamka kwamba miaka yote ya stoo imekufundisha jambo moja, mali isiyo na mwenyewe ni takataka, ukafuta. Yale yalikuwa mafaili ya mfumo, Mjomba. Hayana mwenyewe kama vile nguzo za nyumba zisivyo na mwenyewe. Na jina lenye herufi tele bila hata irabu moja, nani angethubutu kulidai mbele ya Bibi?

Mimi nilinyoosha mkono. Ulidhani naomba kwenda msalani, ukaniruhusu.

2. Uchunguzi. Mashine ilipowashwa tena ilileta kioo cheusi chenye maandishi meupe, yakisema kwamba faili la mfumo halipo au limeharibika. Uliyasoma, ukawageukia watu, ukatangaza: "Mnaona? Limeharibika. Imekiri yenyewe!" Mama akapiga makofi. Sikuwa najua kwamba daktari anaweza kumkata mtu mguu, kisha akamlaumu kwa kuchechemea.

3. Tiba. Mashine maskini ilijaribu kujitibu. Iliandika kwamba inaandaa matengenezo, ikazimika, ikawaka, ikaandika tena kwamba inaandaa matengenezo. Ukasema tusiisumbue, inajipanga. Ilijipanga mpaka betri ikaisha. Ukaitoa betri, ukaipuliza, ukaianika dirishani pamoja na soksi zangu. Soksi zilikauka. Ndipo ukatoa uamuzi wa kitaalamu: "Huyu mtoto anaandika mno. Kitu kimevimbiwa maneno." Bibi alinitazama kwa huruma nyingi, na tangu siku hiyo ananihimiza nicheze mpira.

4. Jambo hili linaenea. Mama ananiambia umeahidi kuja kuisafisha simu yake, yenye namba za ukoo mzima, na ukitoka hapo utamwangalizia Baba Mdogo gari lake, kwa kuwa ukifungua boneti unaona "vyuma vingi vimekaa tu." Baba Mdogo ni mpole kama mimi. Atasema ndiyo.

Nimelitafakari suala hili maktabani, chini ya picha ya mwili wa binadamu. Pale upande wa tumboni kuna kitu kinaitwa kongosho. Nimeishi na familia hii maisha yangu yote na sijasikia mtu akiuliza kongosho lake liko wapi. Bandama je? Nani aliwahi kulitumia akijua analitumia? Kwa utaratibu wako, hizi ni mali zisizo na mwenyewe, na zimekaa ndani yako bila risiti kwa miaka hamsini na ushei.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, kabla hujagusa simu wala gari, kiitwe kikao cha pili chenye ajenda moja tu, yaani wewe. Tutakaa pale pale sebuleni. Mimi nitasoma majina ya viungo, Bibi atasema kama ndiye aliyeviweka, na kisichodaiwa kitaondolewa. Wahenga walisema mganga hajigangi, lakini naamini hawakuwahi kukutana na mtu mwenye ujasiri kama wako.

Ikiwa ombi hili litakuwa zito, nitaridhika ukiapa mbele ya Bibi kwamba hutaigusa tena mashine yoyote yenye swichi.

Nisalimie Shangazi na watoto, pamoja na wote wa pale stoo, hasa wale ambao vitu vyao bado vipo.

Ni mimi mpwa wako mtiifu,
Mwandishi asiye na maandishi

Tanbihi: Nilikuwa natafuta bahasha, mambo yakageuka. Mwalimu wa kompyuta ameniazima flashi yenye mfumo mzima. Nimeiwasha mashine kwa flashi hiyo, nikachagua matengenezo kama kitabu cha maktaba kinavyoelekeza, mafaili uliyoyafuta yakarudi, na tamthilia ipo yote, hata nukta moja haijapotea.

Nimeisoma, Mjomba. Wiki hii yote, kwa kukosa karatasi, nililazimika kusimama mbele ya wenzangu na kuwasimulia maonyesho yaliyobaki kwa mdomo. Mimi! Walicheka mpaka mwalimu wa darasa la pili akaja kugonga ukuta, na wameshakariri kila neno. Hakuna hata moja kati ya maneno hayo lililomo humu. Humu mna mfalme anayezungumza peke yake kurasa tisa. Kesho watanidai karatasi. Nikiifuta mwenyewe kisha niwaambie imepotea nitakuwa mwongo, na uongo siuwezi, kigugumizi huniumbua. Ukiifuta wewe itakuwa ajali, na hakuna atakayeshangaa.

Tafadhali njoo leo. Mashine iko mezani, imewaka, tamthilia nimeiacha wazi. Nenosiri nimeliondoa.