Ukweli Utatolewa Saa za Kazi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye hakuweza kufika na kwa hiyo namwakilisha mimi, Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati, ambaye pia ni mimi, waheshimiwa wakuu wa idara, wasaidizi wao na wasaidizi wa wasaidizi wao, viongozi wa dini, wazee wetu, kina mama, jeshi kubwa, vijana, taifa la kesho tangu enzi za babu zenu, mabibi na mabwana, na wewe uliyejibanza nyuma ya spika kukwepa jua: itifaki imezingatiwa. (Makofi.)

Ndugu wananchi, kwa unyenyekevu mkubwa, ambao mnaufahamu kwa sababu nimeutangaza mara nyingi, nasimama mbele ya mlango huu mpya kuzindua Kituo Jumuishi cha Uhakiki wa Ukweli, mradi wa kimkakati utakaokomesha tabia ya wananchi kuamua kiholela nani mkweli na nani mwongo, bila mchakato, bila wadau, bila hata posho ya kikao. (Kicheko. Mtu anapiga mluzi.) Upembuzi yakinifu umebaini kwamba asilimia tisini na mbili ya watu wa mtaa huu huamini neno kwa kuwa aliyelisema alivaa tai, na asilimia nane waliobaki waligoma kumjibu mtafiti wetu, kwa kuwa siku hiyo tai yake ilikuwa kwa dobi.

Tuchukue mfano hai. Namwona pale Mama Pindo, fundi wetu wa cherehani, ambaye mtaa mzima mmemsema kwamba kaiba kitambaa cha bibi harusi. (Minong'ono.) Mlijuaje? Msusi, jirani yake, alisema. Msusi alijuaje? Aliapa! Na kwa kuwa aliapa huku analia, mkasema lisemwalo lipo, na tangu hapo hakuna anayempelekea hata kifungo kilichokatika, na mwenye chumba kampa notisi, eti hapangishi wezi.

(Mama Pindo anasimama: "Mheshimiwa, kila nikija ofisini kwako naambiwa nisubiri kituo. Mimi kituo sikitaki, baba. Nataka useme ulichokiona. Si ulikuwepo?")

Kaa, mama yangu, swali zuri sana. Ni kweli, nilikuwepo. Wewe ulitoka kununua uzi, ukaniacha nimesimama ndani na suti hii hii imejaa pini, siwezi hata kupumua, ndipo nikamwona kwa macho yangu mama wa bibi harusi akikunja kitambaa chake mwenyewe, akakitia mfukoni, akaniambia, "Nakipeleka kwa fundi mwingine, huyu anachelewesha. Nitasema kimepotea, maana naona haya kumwambia usoni." Lakini ndugu zangu, huo ni ukweli wa macho tu! Haujapita kwenye kamati, hauna muhuri, na mimi kama kiongozi makini siwezi kuwalisha wananchi ukweli mbichi hadharani, mkaja kuumwa matumbo! (Vigelegele. Watu wanamkumbatia Mama Pindo. Msusi anatafuta njia ya kutokea. Mwenye chumba: "Fundi, nisamehe jamani, hukumu yangu ilikuwa ya masikio. Baki chumbani kwako.")

Asanteni, asanteni kwa kunishangilia. Nawasihi msikimbilie kuamini nilichosema, maana bado sijakisema rasmi. Mama Pindo, usilie, machozi yako nayo yatahakikiwa. Na nyie mnaoondoka naye, rudini, bado kurasa kumi na moja! (Viti vinaburutwa. Uwanja unapungua watu.)

Basi, kwa kuzingatia muda: Ukweli! (Sauti mbili: "Una mchakato!") Ukweli! (Sauti moja: "Una muhuri!")

Kwa namna ya pekee namshukuru seremala aliyetuazima mlango huu, anaweza kuja kuuchukua sasa. Nawashukuru wapambe wangu wawili walioushikilia kwa nyuma tangu asubuhi ili usituangukie. Na namshukuru mwenye kiwanja, ambaye ng'ombe wake wamekuwa wavumilivu sana. Jengo lenyewe, kwa mujibu wa taarifa ya utekelezaji, limekamilika kwa asilimia mia moja, na taarifa hiyo sina shaka nayo, kwa kuwa nimeiandika mwenyewe. Na yeyote atakayezunguka mitaani akisema kwamba kituo hiki hakipo, utaratibu uko wazi: apeleke malalamiko yake kituoni.