Trei ya Saa Sita na Nusu

Jumatatu, 3 Novemba
Wiki ya tatu bila kazi. Kiwanda cha vigae kimetupunguza, na sijamwambia Almut. Binti yangu yuko mwaka wa pili chuoni. Akijua baba yake hana kitu, ataacha masomo aende kubeba sahani mikahawani. Namjua. Basi asijue! Leo nimebeba begi mgongoni nikaenda bwalo la chuo kula kwa bei ya wanafunzi. Hakuna hatari: Almut hula bwalo lile jingine, ng'ambo ya mto. Keshia, Bi Pohl, akaniomba kadi. Nikasema nimeisahau. Akauliza nasomea nini. Udaktari wa meno, nikasema. Akanitazama meno, akanitoza bei ya mgeni. Maradufu! Kwa dengu!

Jumanne, 4 Novemba
Mbinu mpya. Nunua viazi vitupu, mchuzi ni bure. Nikamimina mpaka viazi vikazama. Bi Pohl akatangaza mbele ya foleni nzima kwamba mchuzi ni wa kulia chakula, si wa kuogea. Vijana wakaangua kicheko. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mchuzi mwingi umeishia kwenye shati.

Jumatano, 5 Novemba
Nimekwisha. Karibu na mlango kuna mkanda unaopeleka trei chafu jikoni, na wanafunzi huacha nusu ya chakula. Hapo husimama Gernot, mzee wa ndevu, na uma wake wa nyumbani mfukoni. Anaokoa anachoweza kabla hakijapita tundu la ukutani kuingia jikoni. Hafukuzwi, watu kama yeye wamefanya hivyo hapa miaka nenda miaka rudi. Nikanyoosha mkono kwenye soseji. Akafoka: wee bwana, vipi, huoni kuna watu? Yeye yupo hapo tangu mimi nina nywele! Akanipanga mwisho kabisa wa mkanda. Nimepata ukoko wa mkate. Miaka sitini duniani, na hata kwenye makombo mimi ni wa pili. Nimelia kidogo chooni.

Ijumaa, 7 Novemba
Lo! Saa sita na nusu imepita trei ambayo haijaguswa: samaki, viazi, hata pudingi. Na vitunguu vimetolewa kimoja kimoja! Vitunguu na tumbo langu haviivi, familia nzima inajua. Gernot aliishika, akageuka kutazama mlangoni, kisha akanisukumia. Naona ameanza kuniogopa.

Jumanne, 11 Novemba
Trei tena, kama Ijumaa na jana. Gernot anasema huletwa na msichana wa kofia ya njano. Huiweka, hunitazama kwa mbali akijifuta macho, halafu huondoka mbio, yeye mwenyewe bila kula. Akaniuliza kama nina mtoto. Ninaye, nikamjibu, Almut, na kofia kama hiyo anayo, lakini yeye hula ng'ambo ya mto. Gernot akanikodolea macho. Akasema, haya mzee, kula tu. Masikini, akili zinamtoka. Na huyo msichana wa kutupa chakula kizima kila siku! Baba yake alimlea vipi?

Jumatano, 12 Novemba
Almut kapiga simu. Sauti nzito, anavuta kamasi. Mafua. Kaniuliza siku hizi nakula nini. Nikasema najipikia nyama kila siku, na kiwandani wananipenda kupita kiasi. Hajashuku lolote! Nikaona nimpe na nasaha: asije akawa kama wasichana fulani wasiojua thamani ya chakula. Akavuta kamasi tena. Kisha akasema, baba, njoo kesho tule wote, meza moja, nitalipa mimi. Akanibembeleza, tafadhali baba. Nikakataa katakata. Kesho ni kuku. Nikikaa mezani na Almut, trei yangu si itachukuliwa na Gernot?