Ombi la Kumwandikisha Binti Yangu Corinne Kuwa Mbwa

Ndugu Mhariri,

Natumaini u mzima, na nyonga ya mama yako imetulia. Mimi ni Lorna Pelletier, wa nyumba ya kijani ukishapita kiwanda cha mbao. Shule niliiacha mapema, kwa hiyo mwandiko utanisamehe. Sijawahi kulalamika gazetini, na marehemu mama angeniona leo angenizaba kofi. Lakini goti la mwanangu Corinne, wa miaka tisa, limevimba kama kabichi, wiki ya tano sasa, na ngazi anazipanda kwa makalio. Daktari anayejua kupe nimemkosa. Kwa heshima zote naomba mtoto huyu aandikishwe kuwa mbwa. Sababu zangu ni hizi:

1. Mbwa wetu, Pilot, alichechemea siku moja. Moja tu! Daktari wa mifugo, Bi Beals, hakuuliza hata hali. Alimpindua, akamkagua masikioni, kwapani, mpaka kusikotajika, akamtoa damu, na kahawa yangu haijapoa akasema, "Lyme hiyo, Lorna, ugonjwa wa kupe wa kulungu. Mpe vidonge hivi ndani ya jibini." Jumapili Pilot anakimbiza kuchakuro.

2. Mwezi wa sita Corinne alitoka duara jekundu mgongoni, na jingine ndani yake, kama shabaha anayopigia baba yake kabla ya msimu wa kuwinda kulungu. Baada ya duara, goti. Nimempeleka kwa Dkt. Hatch mara tatu. Kila mara nimemwogesha, nimemsuka, nimemvalisha gauni la kanisani na soksi ndefu za kubana, asije akaonekana mtoto wa watu wenye kupe. Kila mara daktari anasema, "Mtoto mzuri, anakua tu huyu." Anakua goti moja?

3. Pilot ana chanjo ya Lyme. Tena ana ukanda wa shingoni wa kufukuza kupe. Corinne ana kofia ya sufu.

4. Nilimsihi Bi Beals amwangalie. "Lorna, nikimgusa binadamu wataninyang'anya leseni." "Na akiwa mbwa?" "Akiwa mbwa mlete saa tatu." Alikuwa anatania, lakini mimi huyo, mpaka ofisi ya mji wanakoandikisha mbwa. Karani Myrtle akatoa fomu bila kuinua kichwa.

"Jina?"

"Corinne."

"Rangi?"

"Mweupe, madoadoa puani."

"Anauma?"

"Alimuuma binamu yake, lakini walikuwa wanagombea pai."

"Cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa?"

"Hana."

"Basi haiwezekani, dada. Sheria ni sheria."

Kwa hiyo kilichobaki ni cheti tu. Naomba gazeti lako liwasihi wakubwa wa mji watusamehe hicho cheti.

5. Naahidi hatabweka. Barabarani nitamshika mkono, na mkono ni kamba tosha. Wazo lenyewe ni lake. Aliniuliza, "Mama, mbwa wote hupona?" Nikamwambia wote. Akasema, "Basi nifanye mbwa." Theluji inakaribia, Ndugu Mhariri, na basi la shule halifiki mlangoni kwetu.

Nisalimie mama yako, mkeo, na yule paka anayelalia magazeti ya juzi.

Ni mimi mama mwenye wasiwasi,
Lorna Pelletier

Nyongeza: Kwetu mtu hasemwi gazetini kabla hajaambiwa usoni, kwa hiyo barua hii niliipeleka kwanza kwa Dkt. Hatch, Corinne nimemshika mkono. Aliisoma amesimama. Alipofika namba mbili, akakaa.

"Lorna, habari za duara hukuniambia."

"Hukuniuliza."

"Nimekuuliza mara tatu mtoto anaendeleaje. Ulinijibu nini?"

Nilijibu alivyonifundisha mama: miguu inachoka kidogo, lakini hatuna la kulalamika. Akafungua faili. Imeandikwa mara tatu, kwa mkono wake: *hawana la kulalamika*. Na Corinne naye kajibu hivyo hivyo, soksi zimembana mpaka kiunoni.

Akamvua soksi, akaliona goti, akapiga mluzi. Kumbe daktari mwenyewe kupe wamemlaza kitandani mara mbili, hawa anawajua kuliko Bi Beals. Damu imepimwa, ni Lyme, na vidonge ni vya mwezi mzima.

Basi usiichape. Ukikosa cha kujaza ukurasa, andika tu kwamba akina Pelletier hawana la kulalamika. Vidonge Corinne anavimeza vizuri, ila hataki mpaka viwe ndani ya jibini.