Mjapani Asema Sawa, Bwana

Jumatatu, 4 Agosti
Nimerudi Mbale kutoka kwetu Jinja na hazina! Umaru, muuza filamu wa Nalufenya, aliapa kwamba ni ya Kijapani, ya zamani, imejaa panga tupu. Shakul na kibanda chake cha kuonyesha mpira ng'ambo ya barabara, kwisha habari yake. Kesho mtaa mzima wa Namakwekwe uko kwenye kibanda changu cha filamu. Na Twaibah, anayekaanga chapati mlangoni pangu, atasikia sauti yangu. Mwanamke huyo nitamwoa. Bado hajui.

Jumanne, 5 Agosti
Panga ziko wapi? Hakuna hata kisu! Baba anavua koti, mama analipokea. Binti anamimina chai. Baba anataka binti aolewe. Basi!
Lakini VJ kama mimi hashindwi. Filamu inacheza, mimi nashika maikrofoni na kuwasemea wote kwa Kiswahili, maana askari magereza wetu wa kaskazini hawasikii Lugisu, lugha ya hapa. Baba akikohoa, nampa hotuba. Mama akisema weee, nafasiri: "Sawa, bwana."
Afande Lillian wa magereza akasimama. "VJ! Mama huyo mdomo yake natembea mingi, wewe nasema 'sawa bwana' tu. Maneno ingine nakula wewe?"
Wanawake wakapiga makofi. Twaibah naye, mikono imejaa unga! Imeniuma.

Jumatano, 6 Agosti
Akili imenijia nikipiga mswaki. Wanataka maneno? Watayapata. Leo binti kaongea kuliko redio. Kamwambia baba yake hataki karani wala daktari, anataka mwanamume wa Jinja, mnene kidogo, mwenye maikrofoni. Nilibana sauti ikawa nyembamba kabisa, macho kwa Twaibah. Twaibah akauliza mbona binti anasema hayo huku analia. Nikajibu ni machozi ya mapenzi.
Afande Lillian hakucheka. Akatangaza kwamba kesho wanawake wa filamu wasemewe na mwanamke, la sivyo wote wanahamia kwa Shakul. Wakamchagua Twaibah. Nikanuna mbele ya watu. Moyoni nilikuwa nacheza ngoma!

Alhamisi, 7 Agosti
Kibanda kimejaa hadi dirishani. Mimi na Twaibah benchi moja, maikrofoni moja. Mke na mume kabisa! Nikiwa baba, nikamwamuru binti aolewe na VJ, tena upesi. Twaibah akachukua maikrofoni taratibu. Binti akajibu kwamba VJ ni mtu mwema, ila akiolewa naye ataitikia sawa bwana mpaka kaburini.
Watu walicheka mpaka benchi moja likavunjika. Kisha mama naye akasema yake, kwa uchungu, hadi askari mmoja akajifuta macho. Siku zote hizi mama huyo nilikuwa sijamwona vizuri. Kumbe ni mzuri!

Ijumaa, 8 Agosti
Twaibah ameniletea chapati ya moto. Akaniambia kwa upole kwamba nikitaka kujua ya moyoni mwake, nimwulize yeye, si Mjapani. Hakusema hapana! Nimefurahi mpaka nimemsalimia Shakul.

Jumamosi, 9 Agosti
Nimeelewa kabisa. Mwanamke aulizwe, ajibu mwenyewe. Nimemtuma Afande Lillian akamwulize. Maswali nimeyaandika kwa mwandiko mzuri. Na chini ya kila swali nimemwandikia Twaibah jibu lake, asije akapata taabu.