Kuhusu Betri Iliyomo Ndani ya Mume Wangu, na Njia ya Korongo la Birika

Chama cha Madereva wa Vumbi,
Tarbush, Utah.
9 Oktoba.

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti,
Kamati ya Ardhi za Umma.

Mheshimiwa,

YAH: KUPINGA MUSWADA WA UTULIVU WA KORONGO LA BIRIKA

Natumaini barua hii itakukuta salama, ingawa Muswada wenu umetukuta sisi vibaya.

Naitwa Orpha Beesley, umri miaka sitini na tisa. Nilifundisha darasa la tatu hapa Tarbush kwa miaka thelathini na moja, na sasa ni katibu wa chama kilichotajwa hapo juu, chenye wanachama kumi na wanne na vigari kumi na kimoja. Kama hujawahi kupanda kigari, ni kitu kisicho na milango, chenye magurudumu ya kuparamia miamba na sauti ya mashine ya kusaga nafaka. Kila Jumamosi mimi na mume wangu Ferrin tunakipanda chetu, tunakwenda maili sita hadi kwenye dimbwi la Birika, tunakula, tunarudi. Tumefanya hivyo miaka thelathini na minane, tangu enzi za magari ya Jeep. Sasa Muswada unataka maili hizo sita zipitwe kwa miguu au kwa farasi, basi.

Nimeusoma wote, kurasa arobaini na moja, nikiwa na kalamu nyekundu. Nakala nimeiambatisha. Mmepata hamsini na nne kwa mia. Sehemu ya Tatu ina sentensi isiyo na kitenzi.

Malalamiko yetu ni haya.

1. Farasi. Ferrin aliwahi kuwa na farasi mmoja. Farasi huyo alimuuma begani mwaka 1987 na mpaka anakufa hakuonyesha kujuta. Hatuna la kuongeza.

2. Udongo. Afisa Roanna Tsosie wa ofisi ya ardhi alitueleza kwamba udongo wa korongoni una ukoko ulio hai, na gurudumu likishauvunja huchukua miaka mia kupona. Tunaupa pole. Lakini goti la kushoto la Ferrin nalo halijapona tangu 1994, wala hatujaona Muswada. Ikiwa Serikali inalinda kila kisichopona, naomba goti hilo lichorwe kwenye ramani, lizungushiwe uzio, na kibao kiwekwe cha kuwaonya watu wasilikanyage.

3. Kelele. Mnasema injini zinawasumbua kondoo wa porini. Kunguru wa Birika wanapiga kelele tangu alfajiri, hawana kibali, hawana kofia ngumu, na hakuna anayewagusa. Chama kimelijadili jambo hili na kupiga kura, tisa kwa watatu (wawili walikuwa wamesinzia), kwamba ikibidi tuandikishwe kuwa kunguru. Tunasubiri fomu.

4. Betri. Hapa ndipo naomba Mheshimiwa uvae miwani.

Ukurasa wa tatu unapiga marufuku "chombo chochote kinachoendeshwa kwa injini au betri." Mwezi Agosti ulifanyika mkutano wa kusikiliza maoni katika ukumbi wa michezo wa shule yetu, dakika tatu kwa kila mtu. Mwenyekiti wetu, Ndugu Garn Lofthouse, alitumia dakika mbili kushukuru na moja kulia. Kisha nikasimama mimi.

"Roanna," nikamwambia yule Afisa, maana ni mimi niliyemfundisha kusoma, "mume wangu ana kifaa cha betri kifuani kinachouendesha moyo wake. Akifika langoni, tumzime?"

"Mwalimu, tafadhali. Sheria haimhusu Mzee Ferrin."

"Imeandikwa chochote. Nilikufundisha maana ya chochote."

"Najua, Mwalimu. Lakini ni maili sita tu. Tembeeni siku moja, halafu uje uniambie."

Ukumbi mzima ukacheka. Garn akaruka kutoka kwenye kiti, uso mwekundu kama nyanya mbivu. "Watatembea!" akapiga kelele. "Watatembea, na watathibitisha kwamba haiwezekani!"

Alisema "watatembea," Mheshimiwa. Hakusema "tutatembea."

5. Madhara ya kutembea. Basi Chama kikatuteua mimi na Ferrin kuwa mashahidi. Kazi yetu ilikuwa kushindwa. Tulitakiwa tuanze saa moja asubuhi, tushindwe ifikapo saa nne, na turudi na picha za kuhuzunisha.

Ili tushindwe kwa haki, tulibeba kila tunachobeba kwenye kigari: viti viwili vya kukunja, mwavuli, chungu cha chuma, viazi vya kuoka na jibini vile tunavyopika misibani, na jeli ya kijani yenye karoti ndani. Kufikia maili ya kwanza jeli ilikuwa imerudi kuwa maji na imeingia kwenye soksi za Ferrin. Nilipiga picha. Kufikia maili ya pili tulikuwa tumeacha viti, mwavuli na chungu chini ya mwamba. Viazi tulivila tukiwa tumesimama, kwa mikono, kama watu waliotoroka mahali.

Hatukushindwa. Hili ndilo lalamiko lenyewe. Tulijitahidi, lakini kila tulipotaka kushindwa palikuwa na kona nyingine mbele, na Ferrin anasema, "Hebu tuone hapo tu, halafu tushindwe." Tulifika Birika saa saba mchana. Chama kimekosa ushahidi wake, na chanzo ni Muswada wenu.

6. Maongezi. Kwenye kigari hakuna maongezi. Kuna injini, kuna upepo, na mtu akisema kitu unaitikia kwa kichwa. Ndivyo tulivyoishi Jumamosi zetu zote, kwa amani. Siku hiyo hapakuwa na injini, na katika maili ya tatu mume wangu akaanza kuongea.

Alianza taratibu, kama bomba lililokaa bila maji. Tulipofika Kona ya Kisigino, ambapo njia inabana na chini ni genge la kutazama mara moja ukatosheka, akasimama.

"Orpha, nikwambie kitu? Hapa huwa nafumba macho."

"Wewe ndiye dereva, Ferrin."

"Najua. Lakini nilijua wewe unatazama."

Mheshimiwa, mimi pia huwa nafumba macho. Kwa hiyo miaka thelathini na minane, pale konani, hakuna mtu aliyekuwa akitazama. Tulikuwa tunaishi vizuri bila kulijua jambo hili. Nani atatulipa kwa kulijua?

Tukaendelea. Katika maili ya tano akasema, "Unajua, sijakuuliza. Lile la daktari uliliamuaje?"

"Daktari gani?"

"Lile nililokwambia Machi. Tukiwa kwenye kigari, pale kwenye mchanga mwekundu."

"Hukuniambia lolote Machi."

"Nilikwambia! Nikakwambia daktari amesema moyo umechoka, kigari kinautikisa vibaya, anataka nitembee kila siku. Ukanijibu, 'Vizuri sana, mpenzi, usisahau maziwa.'"

Nilikaa chini, njiani, palepale. Si uchovu. Tangu Machi mume wangu alikuwa akiamini kwamba nimeambiwa habari hiyo nikaipima na maziwa, maziwa yakashinda. Akaendelea kupanda kigari kila Jumamosi, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kifuani, kwa sababu alidhani mimi ndiye ninayekipenda. Na mimi, Mheshimiwa, sijawahi kukipenda. Kinaniumiza mgongo. Nilikipanda kwa sababu alikipenda yeye.

"Mbona hukurudia kuniambia?" nikamwuliza.

"Nilirudia. Mei. Ukaninyooshea dole gumba."

Tulikaa pale mpaka mijusi wakatuzoea. Alinipa leso yake, ilikuwa na jeli. Nililia kidogo, yeye akacheka, kisha akalia yeye, nami nikacheka, na hapana shaka kondoo wa porini walisumbuliwa sana.

Naliandika hili kama madhara. Mzee wa miaka sabini na mbili na mkewe hawapaswi kulazimishwa na Serikali kusikilizana bila taarifa ya maandishi ya siku thelathini.

7. Kurudi. Tulirudi tukiwa tumeshikana mikono, jambo ambalo kwenye kigari ni hatari na sheria yenyewe inalikataza. Roanna alikuwa langoni na themosi ya chokoleti ya moto. Alitumiminia vikombe viwili, wala hakutukumbusha maneno yake ya Agosti. Nilimfundisha adabu vizuri, nasikitika.

8. Taarifa. Nilipotoa taarifa ya mashahidi mbele ya Chama, Garn aliuliza, "Dada Orpha, kwa hiyo inawezekana au haiwezekani?" Nikajibu kwamba haiwezekani kutembea maili sita na jeli. Akaniagiza niandike hivyo, bila neno "jeli." Mimi ni mwalimu, siwezi kufuta chagizo la sentensi ili kumpendeza mwenyekiti, kwa hiyo nimeliacha.

Kutokana na hayo yote, tunaomba:

(a) Muswada uondolewe, au angalau usahihishwe na kurudishwa ukiwa nadhifu.

(b) Ikishindikana, neno "chochote" lifutwe, ili mume wangu awe halali mahali popote katika jimbo hili.

(c) Ikishindikana hilo nalo, fomu za kunguru zije mapema, maana wanachama wengine huandika polepole.

Njia ni ya umma, na sisi ni umma. Hatutakaa kimya kuhusu haki yetu ya kupiga kelele.

Wasalimie wajumbe wote wa Kamati, mpiga chapa aliyesahau kitenzi cha Sehemu ya Tatu, mlinzi wa mlangoni, na yule mjumbe anayepiga miayo kwenye televisheni. Mwambie alale mapema. Askofu wetu anawasalimu. Garn anawasalimu kwa hasira. Ferrin anawasalimu na anauliza kama huko kwenu kumeanza baridi.

Wako katika utetezi wa magurudumu,

Orpha Beesley (Bi.)
Katibu

Tanbihi: Barua hii imekaa mezani wiki mbili kwa kukosa stempu, na katika muda huo tumerudi Birika kwa miguu mara nne, kwa ajili ya ushahidi zaidi. Jana, maili ya nne, Ferrin alikuwa ananieleza habari ya msichana aliyemwandikia barua alipokuwa jeshini Ujerumani, kabla hajanijua, habari ambayo sijaisikia hata siku moja. Alikuwa amefika mahali ambapo msichana anashuka kwenye treni. Hapo hapo Garn Lofthouse akapita na kigari, akatupungia, akatufunika vumbi toka kichwani mpaka viatuni, na injini ikanguruma hadi akapotea nyuma ya mwamba. Kulipotulia, Ferrin alikuwa amesahau alipofikia. Nimemwuliza jana jioni, nimemwuliza asubuhi hii, anasema itamjia tukirudi palepale.

Tunarudi Alhamisi. Fungeni njia hiyo, Mheshimiwa. Ifungeni Jumatano.